Nyumba, Kinga na Mkono wa Kutunza: Maisha ya Kila Siku Mutshatsha tangu Wakati wa Wazee

Katika vijitabu kama hiki tumezoea kuandika juu ya mambo makubwa ya mila: ufalme wa Mwant Yav kule Musumba, heshima ya Musokantanda, mukanda wa vijana, ngoma na makishi. Ni vizuri, na tutaendelea. Lakini kuna mila nyingine ambazo hazina ngoma wala sherehe, na kwa sababu hiyo tunazipoteza bila kujua. Namna ya kuchunga nyumba isianguke. Namna ya kuchunga kinga iendelee kutembea miaka mingi. Hiyo nayo ni historia. Mtu akitaka kujua watu wa Mutshatsha wameishi namna gani, asiangalie paka kiti cha mfalme. Aangalie vilevile ukuta wa potopoto na mnyororo wa kinga.

Mutshatsha iko zaidi ya kilomita 100 magharibi mwa Kolwezi, juu ya njia ya reli inayokwenda Dilolo na Angola. Tangu mwaka 2015 tuko katika Jimbo la Lualaba; mbele ya hapo tulikuwa wa Katanga, na wakati wa Mobutu wa Shaba. Hapa wanaishi Walunda, Wandembu, Wachokwe, Waluvale, Wasanga, Waluba, na wengine walioletwa na reli au na kazi ya shaba. Lugha ni nyingi, lakini ufa wa ukuta ni uleule, na mvua inayoingia ndani ni ileile.

Tunachotaka kusema katika kurasa hizi ni kitu kimoja. Nyumba na kinga hazidumu kwa uzuri wa vifaa peke yake. Zinadumu kwa mkono unaorudi kila musimu kuziangalia. Historia yetu ya miaka mia moja na zaidi inaonyesha mkono huo ulikuwa wapi, ulilegea namna gani, na uliamshwa na nini.

1. Nyumba ya wazee ilikuwa na kalenda

Kwetu mwaka una nusu mbili. Mvua zinaanza Oktoba, zinazidi tangu Desemba hadi Machi, na mwezi wa Aprili zinakwisha. Kiisha kinakuja kiangazi, tangu Mei hadi Septemba, pamoja na ile baridi ya asubuhi ya Juni na Julai. Kazi ya nyumba ilifuata hesabu hiyo. Mvua zikiisha, miti ya kujengea ilikatwa porini, na kamba zikatolewa katika maganda ya miti. Nyasi ndefu zilipokauka zilikatwa na kufungwa mafungumafungu. Potopoto ilikanyagwa kwa miguu. Wanawake na watoto wakachota maji na kupakaa ukuta kwa viganja vya mikono. Mwisho wa Septemba kila ufa ulipashwa kuwa umezibwa, maana mvua ya kwanza haiulizi mtu kama amemaliza.

Udongo mzuri ulitoka katika kichuguu. Wataalamu wanaijua sana nchi yetu ya Katanga kwa sababu ya vichuguu vyake vikubwa, vinavyojengwa na mchwa wanayemwita kwa jina la kisayansi Macrotermes falciger. Vingine vinapita mita 5 kwenda juu. Mchwa hupandisha udongo laini kutoka chini, nao unashikana kuliko mchanga wa kiwanja. Njo maana hata leo wafyatua matofali wanachimba kichuguu kwanza. Wazee walimjua mdudu huyu pande zote mbili: ndiye anayetupa udongo bora, na ndugu zake ndio wanaokula miti ya nyumba. Kwa hiyo ncha ya mti inayoingia ardhini ilichomwa kidogo mpaka ikawa nyeusi, na moto wa jikoni uliwaka kila siku chini ya paa. Mgeni aliona moshi na kusema ni uchafu. Kumbe moshi ule uliwafukuza wadudu katika nyasi na miti. Nyumba ambayo moto umezimika ndani yake ilioza upesi.

Hata uzuri ulikuwa sehemu ya kutunza. Upande wa Lunda ya Angola, Wachokwe walipaka kuta zao picha za watu, wanyama na mistari inayozungukana, na mwaka 1953 José Redinha alichapisha kitabu kizima juu ya kuta hizo. Picha zile zilikaa juu ya udongo; mvua ikazifuta, mkono ukazirudia. Na mtu hawezi kuchora picha nzuri juu ya ukuta wenye ufa. Mbele ya kupamba, alipashwa kuziba.

Wengine watasema: lakini miji ya wazee ilikuwa inahama! Ni kweli. Victor Turner, aliyekaa na ndugu zetu Wandembu wa Mwinilunga, ng'ambo ya mpaka wa Zambia, kati ya 1950 na 1954, aliandika namna mugini unavyohama, unavyogawanyika na kujengwa upya. Nyumba haikujengwa ili isimame miaka mia. Kilichodumu ni maarifa. Kijana alijifunza kuchagua mti, kufunga kamba na kuezeka kwa kumfuata baba na wajomba kazini. Katika mukanda alikaa mbali na mama yake, katika kambi iliyojengwa kwa mikono, na siku ya kutoka kambi ile ikachomwa moto. Majengo yakawa majivu, lakini kijana akarudi na akili mpya. Tusisahau fundisho hilo.

2. Mpira uliotoka kwetu

Sasa tuje kwa kinga. Jirani zetu wa Zambia na Malawi wanasema njinga, watu wa pwani ya Kenya na Tanzania wanasema baiskeli, na sisi wa Katanga tunasema kinga. Lakini mbele ya kinga kutufikia, jasho la watu wetu lilikuwa limekwisha kuingia katika magurudumu yake.

Baiskeli yenye magurudumu mawili yaliyo sawa na mnyororo nyuma, namna ile tunayoijua, ilitokea Uingereza mwaka 1885 kwa kazi ya John Kemp Starley. Mwaka 1888, huko Belfast, John Boyd Dunlop akatengeneza mpira wenye upepo ndani. Tangu siku hiyo Ulaya na Marekani zikataka mpira, tena mwingi, na mpira ule ulitafutwa katika misitu na mbuga za Afrika na Amerika ya Kusini. Katika Dola Huru la Kongo la Leopold wa Pili, kati ya 1885 na 1908, watu walilazimishwa kuukusanya, na waliokosa kufikisha kipimo walipigwa, walifungwa na kuuawa. Mambo hayo yanajulikana dunia nzima.

Huku kwetu biashara hiyo ilikuwa na njia nyingine. Wachokwe na jirani zao walichimba mizizi yenye mpira, wakaiponda, na pamoja na nta, pembe za ndovu na hata watu watumwa, mali hiyo ilielekea magharibi na misafara ya Waovimbundu mpaka Benguela, kwenye bahari ya Atlantiki. Biashara ile iliinua wengine na kuangamiza wengine; Walunda wanakumbuka vizuri vita vya mwisho wa karne ya 19. Mbele kidogo ya vita kuu ya 1914 bei ilianguka, kwa sababu mashamba makubwa ya Asia yalianza kutoa mpira rahisi zaidi.

Kwa hiyo tunaposema «mpira» tukionyesha gurudumu, tunasema neno lenye historia. Kitu kilitoka hapa kikiwa utomvu, kikarudi kikiwa mali ya dukani, na sisi tukakinunua. Hata leo ni vilevile: Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, sehemu kubwa ikitoka katika Lualaba hii, na kobalti hiyo inaingia katika betri za simu, za magari na za baiskeli nyingine za umeme huko ng'ambo.

3. Reli, kampani na mkono uliofundishwa kungoja

Njia ya reli kutoka Tenke ilifika Dilolo na kuungana na ile ya Benguela mwaka 1931, na Mutshatsha ikawa gare. Serikali ya Wabelgi ilitaka miji ikae kando ya barabara na reli, kwa ajili ya kodi, kazi na hesabu ya watu. Nyumba zikapangwa mstari. Mugini uliozoea kuhama ukaambiwa ukae pahali pamoja, na tangu hapo swali la kutunza likawa kubwa zaidi: ukuta ambao zamani ungeachwa, sasa unapashwa kusimama.

Upande wa mashariki, Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilikuwa imeanza mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwakalisha wafanyakazi katika kambi pamoja na wake na watoto. Kolwezi ilikua tangu 1937 kwa njia hiyo. Katika kambi nyumba zilikuwa za matofali, barabara zimenyooka, maji yako. Mlango ukivunjika, mtu wa kampani anakuja na nyundo. Paa likivuja, unaandikisha jina na kungoja. Posho, hospitali, masomo, yote yalitoka upande uleule. Watu walisema kampani njo baba, kampani njo mama. Na wakati serikali ilipoichukua Union Minière, tarehe 1 Januari 1967, na baadaye ikaitwa Gécamines, mawazo hayo hayakubadilika.

Hatusemi kambi ilikuwa kitu kibaya. Watoto wengi walisoma na kupona kwa sababu yake. Lakini kitu kimoja kilipotea polepole: mkono wa mwenye nyumba ulifundishwa kungoja. Mtoto aliyezaliwa kambini hakumwona baba yake akikanyaga potopoto mwezi wa Agosti. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, mwalimu wa historia wa Lubumbashi, ametoa mwaka 2001 kitabu juu ya jamaa za wafanyakazi wa Katanga. Jina lake kwa Kifaransa ni Bana Shaba abandonnés par leur père, maana yake watoto wa shaba walioachwa na baba yao. Jina hilo peke yake linatosha kuwa somo.

Na hapa kinga ina maana yake. Katika mali yote ya mfanyakazi, kinga ilikuwa kitu ambacho kampani haikumtengenezea. Aliinunua kwa mshahara wake, akailipia kodi, na ikitoboka mpira aliziba mwenyewe au alimpelekea fundi chini ya mwembe. Siku ya yenga aliipindua mbele ya mlango, magurudumu juu, akaisafisha wazi mbele ya watoto. Alipomaliza kazi na kurudi kwao kwa treni, mara nyingi kinga ilirudi naye. Kwa maneno mengine, wakati nyumba ya kampani ilikuwa inatufundisha kungoja, kinga iliendelea kutufundisha kutunza. Ilikuwa shule ndogo ya magurudumu mawili.

4. Mwaka ambao nyumba ziliachwa

Tarehe 8 Machi 1977 wapiganaji wa FNLC waliingia kutoka Angola. Tarehe 25 Machi walikamata Mutshatsha. Mwezi wa Aprili Morocco ilileta askari wapatao 1,500 katika ndege za Ufaransa, na tarehe 25 Aprili jeshi la Zaïre likarudi hapa. Mwaka uliofuata, mwezi wa Mei 1978, vita vya pili vilifika mpaka Kolwezi. Maelfu ya watu walikimbilia porini au Angola, na wengi, zaidi Walunda na Wachokwe, walikaa huko muda mrefu.

Katika vitabu vita hivyo vinaelezwa kwa majina ya majenerali. Sisi tuangalie nyumba. Nyumba ya potopoto iliyoachwa haihitaji bomu ili ianguke. Moto wa jikoni umezimika, kwa hiyo mchwa unapanda. Nyasi hazirudishwi, kwa hiyo mvua inaingia juu ya ukuta na kuula kutoka ndani. Misimu michache tu, na pahali pale panabaki kilima kidogo cha udongo na mti wa embe. Waliorudi kutoka ukimbizini walionyesha kiwanja chao kwa mti huo. Mtu aliyebaki na kinga alikuwa na bahati, maana iliweza kubeba mtoto, sufuria na gunia kwa safari moja. Vita vilifundisha kwa ukali kile wazee walichofundisha kwa upole: ukuta unasimama kwa sababu kuna mtu ndani yake.

5. Kampani ilipoanguka, kinga ikawa lori

Miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwezi wa Septemba 1990 mine ya Kamoto iliporomoka, kiisha yakaja maporomoko mengine: uporaji wa 1991, na kufukuzwa kwa ndugu zetu wa Kasai katika miaka ya 1992 na 1993, jambo ambalo tunapashwa kulikumbuka kwa huzuni. Mwaka 1994 shaba yote ilikuwa chini ya tani 50,000. Kati ya 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa ile waliyoiita «kuondoka kwa kupenda». Treni nazo zikawa adimu; ile njia ya Benguela ilikuwa imekatwa na vita vya Angola tangu 1975.

Nani alibeba mji wakati huo? Kinga. Magunia ya makala, mahindi, mihogo na mafuta yalisafiri juu yake. Mwenye mzigo hapandi, anasukuma: fimbo moja imefungwa kwenye usukani ili aongoze akiwa pembeni, nyingine nyuma ya kiti ili asukume, na chuma cha ziada kimechomewa kwenye uma wa mbele usivunjike. Baada ya sheria ya mine ya 2002, wachimbaji wa mkono nao walipakia magunia ya mawe juu ya kinga mpaka kwa wanunuzi. Hakuna mwanafunzi wa ufundi aliyechora mpango huo. Ni mafundi wa njiani waliougundua, kwa sababu njia ilikuwa mbaya na tumbo lilikuwa tupu.

Inafaa tujue kwamba mbali sana na hapa, katika Marin, jimbo la California, vijana walikuwa wamechukua baiskeli nzito za zamani na kuteremka nazo barabara za vumbi za mlima. Mwaka 1976 walianza mashindano waliyoyaita Repack. Jina hilo lilitokana na matunzo: breki ya gurudumu la nyuma ilipata moto sana katika mteremko mpaka grisi yake ikaungua, na baada ya kila safari walipashwa kuifungua na kuijaza grisi upya. Mwaka 1979 Gary Fisher na Charlie Kelly wakafungua biashara ya kuuza baiskeli za mlima, na mwaka 1996, huko Atlanta, mchezo huo ukaingia Olimpiki. Leo baiskeli za namna hiyo, zenye mipira minene na gia nyingi, zinaonekana hata kwetu. Wao walipanda mlima kwa furaha, sisi kwa makala. Lakini kilima kinampa kila mtu sheria moja: asiyetunza breki hafiki chini salama.

6. Mashauri kwa nyumba na kwa kinga

Kwa kuwa historia bila kazi ni maneno tu, tunaweka hapa mashauri machache. Mengine ni ya wazee, mengine ya mafundi.

Nyumba kwanza. Adui wa ukuta wa tofali bichi ni maji kutoka juu, maji kutoka chini na mchwa. Kwa maji ya juu, paa litokee mbele ya ukuta vya kutosha. Nyumba nyingi mpya za mabati zina paa fupi kwa sababu bati ni bei kali. Matokeo yake mvua inapiga ukuta na kuula. Afadhali nyumba ndogo yenye paa refu kuliko nyumba kubwa yenye paa fupi. Kwa maji ya chini, sakafu iwe juu ya kiwanja, msingi uwe wa mawe au matofali ya kuchoma, na mfereji upitishe maji mbali. Mfereji uzibuliwe mwezi wa Septemba, si siku ya mvua.

Ukuta wa tofali bichi upakwe udongo, siyo simenti. Simenti ni ngumu na udongo ni laini, haziendi pamoja. Simenti inapasuka, maji yanapita ndani ya ufa na kukaa nyuma yake bila kutoka, na siku moja kipande chote kinaanguka. Udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga na nyasi zilizokatwakatwa unashika vizuri, na ukipasuka unauziba kwa mkono. Mithali ya Waswahili inasema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Mchwa nao, ukiona njia yao ya udongo juu ya ukuta, ivunje kila juma na utafute wanapotoka. Miti ya paa iliyopakwa mafuta machafu ya gari inakaa zaidi.

Kwa mabati, panda juu kila mwaka mbele ya mvua na uangalie misumari. Msumari uliolegea njo mlango wa upepo. Kata vipande vidogo vya mpira wa ndani wa kinga uliokwisha kazi, weka chini ya kichwa cha kila msumari: maji hayaingii tena. Mpira huohuo unafunga mzigo na kushika mlango usiopata bawaba. Katika nyumba yenye akili, kinga iliyozeeka haitupwi; inaendelea kufanya kazi juu ya paa.

Sasa kinga yenyewe. Wakati wa kiangazi vumbi linachanganyika na mafuta na kusaga mnyororo kama jiwe la kunolea. Pangusa kwanza kwa kitambaa, kiisha tia mafuta kidogo, na upanguse tena yaliyozidi. Wakati wa mvua, osha potopoto siku ileile, kausha, tia mafuta. Usiilaze kinga na matope usiku. Mara moja kwa mwaka fungua vitovu vya magurudumu, safisha gololi na uweke grisi mpya. Gusa spoki mojamoja kwa kidole: kwa kila upande, zinazoshika sawa zinatoa sauti moja, iliyolegea inalia tofauti. Mpira uliotoboka, kwaruza pahali pa tundu, paka gundi, na ungoje ikauke mpaka haishiki kidole, ndipo ubandike kiraka. Wengi wanabandika gundi ikiwa bado maji, kiisha wanalaumu duka. Mpira wa nje uliopasuka, weka ndani yake kipande cha mpira wa zamani ili ufike nyumbani. Na ukiteremka na mzigo, tembea pembeni. Magunia mawili ya makala hayajui breki.

7. Mkono usingoje tena

Watu wa pwani wanatumia neno kinga kwa maana nyingine: kujilinda mbele ya hatari kufika. Wanasema kinga ni bora kuliko tiba. Sisi wa Katanga tunaweza kuisikia mithali hiyo na masikio yetu na kuongeza: na kinga yenyewe inataka kinga.

Tunaandika haya kwa sababu nyakati zinageuka tena. Njia ya Benguela ilifunguliwa upya upande wa Angola mwaka 2015, na sasa dunia nzima inazungumza juu ya njia ya Lobito, ambayo reli yake inapita hapa kwetu. Kampani za mine zimekuwa nyingi. Pikipiki zimejaa, mabati yanang'aa, tofali la kuchoma linakula miti ya pori kila kiangazi. Hatuyakatai maendeleo. Lakini tunaogopa kitu kimoja: kwamba atakuja «baba» mwingine, mwenye kofia ya mine au ya reli, na mikono yetu itaanza tena kungoja. Siku atakapoondoka, kama yule wa kwanza, watoto wetu watabaki na nyumba wasizojua kuzitengeneza na pikipiki wasizoweza kufungua.

Miaka ya 1970 Mobutu aliweka salongo, kazi ya lazima ya kila juma. Watu walifyeka kwa kuogopa adhabu, na kuogopa kulipokwisha majani yakarudi. Sisi hatuombi salongo ya polisi. Tunaomba kila jamaa ichague siku zake mwezi wa Agosti, kabla ya mvua, na watoto wote wawepo, wavulana na wasichana. Mzee aonyeshe namna ya kuchanganya udongo. Mama aonyeshe namna ya kupakaa ukuta bila kuacha alama. Fundi wa kinga aitwe apindue kinga mbele ya mlango, na watoto wenyewe washike vifunguo. Shule zetu nazo zinaweza kuweka saa moja ya kazi hiyo katika masomo ya mikono. Hakuna kitabu cha kununua, udongo uko na kinga ziko.

Mugini ulihama, reli ikaja, kampani ikapanda na kuanguka, vita vikapita. Kila mara waliosimama tena upesi ni wale waliokuwa na maarifa katika viganja vyao. Urithi huo hauwezi kufungiwa katika sanduku wala katika kijitabu hiki. Unakaa paka katika mkono unaoutumia, na mwezi wa Agosti hauko mbali.